Punda, Mvinje na Saa Nne Usiku: Kamera Yako Inalilia Nini?

Maswali ya wasomaji, na majibu ya fundi wa kamera kutoka Langoni, Lamu

Tangu kusi ianze kuvuma, barua ninazopata ni za aina mbili. Kuna wenye kamera zisizonyamaza, na kuna wenye kamera zisizosema neno mpaka siku mtu anapoibiwa. Ukizichunguza, nyingi zina ugonjwa mmoja: lile eneo la mwendo, yaani sehemu ya picha uliyoiambia kamera iilinde. Mwezi huu nimechagua nne, na ya kwanza nitakaa nayo kuliko nyingine.

*

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, nakaa Mkomani. Mwanangu aliye Mombasa alinitilia kamera ya waifai kwenye ukuta wa jamaa zetu wa nyumba ya mbele, inatazama mlango wangu. Tangu siku hiyo simu hailali. Nikiishika, ni punda. Nikiishika tena, ni punda yule yule amegeuka. Nikaizima sauti. Mwezi jana mtungi wa gesi ukachukuliwa dakani, pale barazani mbele ya mlango, usiku. Video ilikuwepo, lakini ilizama katikati ya video za punda, tukaiona siku ya pili. Mwanangu akaniambia nichore eneo. Nimechora, na punda bado wanakuja. Mato yangu si mazuri na herufi za simu ni ndogo. Nifanyeje?
*Mama wa wanne, Mkomani*

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa mtungi. Kwa kuwa tuko mji mmoja nilikuja mwenyewe, na ahsante kwa kahawa. Umenipa ruhusa nieleze nilichokiona, kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zina shida kama yako.

Kamera ya namna ile, katika kazi hii ya eneo, haimjui punda wala mtu. Inachukua picha, inachukua ya pili, inazilinganisha. Picha nzima imegawanywa viboksi vidogo kama mkeka, na palipobadilika mwanga ndani ya viboksi vya kutosha, kamera inasema kuna mwendo. Unapochora eneo, unaiambia ihesabu viboksi hivi na iviache vile.

Mchoro wako niliukuta sawa kabisa. Umezunguka daka, vidato viwili na mlango, wala haukugusa njia. Kosa liko pale kamera ilipofungwa. Iko ng'ambo ya kichochoro, imefikia kimo cha bega la mtu mrefu. Sasa punda anapita na shogi, yaani mfuko wa mzigo mgongoni, la mchanga katikati ya kamera na daka lako. Miguu yake iko njiani, hajakanyaga kidato hata kimoja, lakini kwenye picha mgongo na shogi vimeziba daka lote. Kamera haina habari kwamba punda yuko karibu na daka liko mbali. Picha ni bapa kama kanga iliyoanikwa, na kitu kilicho mbele kinafunika kilicho nyuma. Ungechora na kufuta mwaka mzima, punda wangeendelea kukuamsha.

Kwa hiyo hatukuanza na simu, tulianza na ngazi. Tuliitoa kamera kwa jamaa zako, tukaifunga juu ya mlango wako, chini ya boriti, imeinama kutazama chini. (Mlango wa nakshi hatukuugusa. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwepo, msumari kwenye nakshi ni dhambi ya ufundi.) Kutoka pale juu picha imegawanyika yenyewe: daka liko chini ya picha, njia iko juu. Punda anapita kule juu na anabaki kule juu. Tukapaka viboksi vya daka na vidato tu. Punda hana la kutafuta dakani, ila umwekee maganda. Anayekuja kuiba lazima apande.

Halafu tukapima, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbia na pesa yao. Eneo likichorwa mchana na kuachwa, hilo ni nusu ya kazi. Tulisubiri mpaka baada ya isha, taa ya nje imezimwa, mjukuu wako akapita mara tatu. Mara ya kwanza alitembea kawaida, simu ikalia. Mara ya pili alikimbia, ikalia. Mara ya tatu nilimwambia ajibanze ukutani upande wa kushoto kama mtu asiyetaka kuonekana, akafika mpaka kwenye komeo la mlango, na simu kimya. Viboksi viwili vya pembeni vilikuwa vimesahauliwa. Tukaviongeza, akarudia, ikalia. Viboksi viwili tu, mama, na mwizi angepita hapo hapo.

Wepesi wa kuhisi, yaani badiliko dogo kiasi gani linaiamsha kamera, tumeuweka katikati. Wengi wakisumbuliwa huushusha mpaka chini kabisa, na ukishuka huko mtu aliyevaa nguo nyeusi kwenye giza anapita kama upepo. Anza katikati, chora eneo dogo, pima kwa mtu anayetembea, ndipo uguse wepesi wa kuhisi, tena hatua moja moja. Paka wanaolala dakani tumewapunguza kwa kipimo kingine: kamera yako inakuruhusu kuchagua ukubwa wa kitu kinachostahili kuitiwa, nasi tumechagua kikubwa kuliko paka.

Mwanao akiuliza kwa nini hatukutegemea ile setingi ya "watu pekee", inayoita kamera ikiona mtu tu, mwambie ipo na ni nzuri, tumeiwasha pia, lakini si ya kuitegemea peke yake. Kamera za aina hiyo zimefundishwa kwa picha nyingi zilizoandikwa majina. Mkusanyiko mmoja wa picha unaotumiwa sana kwa mafunzo hayo, uitwao COCO, una aina 80 za vitu. Farasi yumo, ng'ombe yumo, kondoo yumo, hata punda milia na twiga wamo. Punda wetu wa Lamu hayumo. Mashine ikiona kisichokuwa kwenye masomo yake, inakipa jina la kilicho karibu nacho. Na punda aliyepandwa, juu yake kuna mtu kweli.

Jambo la mwisho kwako, mama, na nalisema kwa sababu limenikuta nyumbani kwetu. Eneo limechorwa juu ya picha, halikuchorwa juu ya ardhi. Miaka ya nyuma tulikuwa na kamera iliyolinda banda la mashine ya boti ya shemeji yangu. Siku moja ukuta ukapakwa chokaa, ngazi ya mpaka chokaa ikaigonga kamera, ikainama upande kidogo, na hakuna aliyetazama. Viboksi vilibaki palepale kwenye picha, ila banda lilikuwa limehama kutoka kwenye viboksi. Mashine iliibiwa siku kumi baadaye. Kamera ilikuwa hai, taa yake inawaka, imelinda ukuta mtupu usiku kucha. Shemeji alikaa msimu mzima akivua kwa boti ya watu. Kwa hiyo kila chokaa, kila upepo mkali, kila mtoto aliyepanda juu, fungua simu utazame kama mchoro bado umelala juu ya daka.

*

SWALI: Fundi, mambo vipi. Nina duka la vitenge na kanga Langoni. Kamera nne, na kirekodi chake nimekiweka chini ya kaunta. Niliweka ratiba ya ulinzi saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Usiku king'ora hakilii hata nikipita mwenyewe kujaribu. Asubuhi nikifungua duka, kila mteja akiingia kinalia, mpaka ikifika saa tano hivi ndipo kinanyamaza chenyewe. Nimebadilisha eneo mara sita. Kirekodi kimeharibika?
*Muuza kanga, Langoni*

JIBU: Ndugu yangu, kirekodi chako ni kizima na kinakutii neno kwa neno. Hiyo saa tano uliyoitaja ndiyo iliyonipa jibu. Umeandika 4:00 mpaka 11:00, sivyo? Kirekodi kinahesabu saa kuanzia usiku wa manane, hakihesabu kuanzia magharibi na alfajiri kama sisi. Kwake yeye 4:00 ni saa kumi alfajiri, na 11:00 ni saa tano asubuhi. Kimelala usiku wako wote, kikaamka karibu na adhana, kikawalinda wateja.

Andika 22:00 mpaka 05:00. Na hapa pana mtego wa pili: virekodi vingi havikubali ratiba inayovuka usiku wa manane. Ukiweka 22:00 mpaka 05:00 kwenye mstari mmoja, ama kinakataa, ama kinakubali kisha hakifanyi kitu. Vunja mara mbili: 22:00 mpaka 24:00, halafu 00:00 mpaka 05:00, na uinakili kwa siku zote saba. Nimekuta maduka yaliyolindwa Jumatatu tu kwa sababu mwenyewe hakuinakili.

Ukimaliza, tazama saa iliyoandikwa pembeni ya picha. Kamera nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na saa ya China, ambayo iko mbele yetu saa tano. Kama kwako ni saa tatu usiku na picha inasema 02:00 ya kesho, ratiba yako yote imehama. Chagua saa za Nairobi. Na kama kila stima ikipotea tarehe inarudi miaka ya zamani, ndani ya kirekodi kuna betri bapa ya duara kama sarafu, imekwisha. Ni ya bei ndogo. Ibadilishe kabla ya kuhitaji video ya ushahidi, kwa sababu video yenye tarehe ya uongo ni taabu kuieleza kituoni.

Rudisha pia eneo lako la kwanza. Halikuwa na kosa.

*

SWALI: Naandika kutoka Malindi, naangalia nyumba ya tajiri upande wa ufukweni. Kamera ni ile inayozunguka na kumfuata mtu. Kuna miti minne ya mvinje mbele. Upepo ukivuma napata arifa mpaka simu inaisha chaji. Usiku ni mbaya zaidi, picha imejaa moshi mweupe na vitu vinavyoruka. Tajiri yuko Italia na anapata arifa hizo hizo, ameanza kunigombeza. Eneo nimechora getini peke yake.
*Mlinzi wa nyumba, Malindi*

JIBU: Pole kaka, najua ilivyo kugombezwa kwa simu kwa jambo ambalo hukulitenda. Una shida mbili zilizovaa nguo moja.

Ya kwanza ni hiyo kuzunguka. Nimemwambia mama wa Mkomani hapo juu kwamba eneo linakaa kwenye picha. Kamera yako ikimfuata mbwa mpaka upande wa pili, viboksi vya geti vinakwenda nayo, na sasa vimeangukia kwenye mvinje. Mvinje ukitikisika, kamera inaona mwendo "getini". Zima kule kumfuata mtu. Iweke itazame geti, uihifadhi hapo kama kituo chake cha kurudi, halafu ndipo uchore. Ukipenda kuizungusha kwa mkono mchana, izungushe, lakini hakikisha imerudi.

Ukichora, shuka chini. Watu hupaka geti lote mpaka juu, pamoja na matawi na mbingu. Mtu anaingia kwa miguu. Paka rangi kuanzia ardhini mpaka kiunoni, uache juu wazi. Kivuli cha mvinje kikianguka kwenye mchanga saa za asubuhi, tazama kinafika wapi na ukiruke. Mchanga mweupe na kivuli cheusi kinachocheza humkera hata kamera ya bei ghali.

Ya pili ni huo moshi wa usiku. Ni chumvi. Nyumba ikiwa karibu na bahari, upepo unaleta mvuke wa chumvi, unakauka kwenye kioo cha kamera, tabaka juu ya tabaka. Mchana huioni. Usiku zile taa za infraredi (mwanga ambao jicho halioni) zilizouzunguka uso wa kamera zinapowaka, mwanga wake unapiga ile chumvi na kurudi kwenye lenzi, picha inageuka maziwa. Vinavyoruka ni wadudu wanaofuata mwanga, na nyuma ya wadudu anakuja buibui, kwa sababu amepata mahali pa kula. Uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi unang'aa usiku kama kamba ya nanga na kuchukua nusu ya picha. Upepo ukiutikisa, arifa.

Usikifute kioo kikiwa kikavu, chumvi itakikwaruza. Mwagia kwanza maji matamu kidogo kidogo, acha iyeyuke, halafu futa kwa kitambaa laini kisichoacha manyoya. Msimu wa kusi fanya hivyo kila wiki. Utando uondoe kwa brashi laini ya kupakia rangi, na ukague nyuma ya kamera, buibui hulala huko. Kama tajiri yuko tayari kununua taa, ya infraredi au ya kawaida, ifunge mbali na kamera, mita mbili tatu, kisha zima zile za kwenye kamera. Wadudu watahamia kwenye taa na kuiacha lenzi.

Kuna arifa moja hutaweza kuiondoa kwa eneo. Magharibi, saa kumi na mbili na dakika kadhaa, ukisimama karibu na kamera utasikia "tak" ndogo ndani yake. Ni kichujio kinachohama ili kamera ipokee mwanga wa infraredi. Picha yote inageuka kutoka rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwa mara moja, na kamera nyingi huhesabu huo ni mwendo. Alfajiri inarudia. Mweleze tajiri kwamba arifa mbili za saa hizo ni salamu za jua, asikugombeze kwazo.

*

SWALI: Jirani yangu ameweka kamera juu ya paa lake, inatazama kwetu. Anasema amechora eneo mlangoni kwake tu, kwa hiyo sisi kamera haituoni. Kiwandani kwetu, yaani uani, tunafua, tunasukana, binti zangu wanakaa vichwa wazi. Ni kweli haituoni? Sitaki ugomvi, tumekaa pamoja tangu bibi zetu.
*Mama wa mabinti, Lamu*

JIBU: Dada yangu, si kweli, ingawa naamini jirani yako hasemi uongo. Amedanganywa na neno "eneo". Eneo la mwendo linaamua kamera imwite lini. Haliamui kamera inaona nini. Mtu akigusa mlango wake, kamera inarekodi picha nzima, na kiwanda chenu kimo. Akifungua simu kutazama moja kwa moja, kiwanda chenu kimo. Na kamera nyingi za siku hizi zina maikrofoni, hata mazungumzo yenu yanaweza kuwa yamo.

Ninachokereka nacho ni mafundi wenzangu wanaofunga kamera mji huu bila kuangalia inamwangukia nani. Wazee waliojenga hizi nyumba za mawe walipinda njia ya kuingilia, kutoka daka mpaka ndani, ili mpita njia asimwone aliye ndani. Madirisha ya njiani waliyafanya machache. Stara waliijenga kwa chokaa na matumbawe, nasi tunaipita kwa skrubu mbili na kamera ya paa.

Anachohitaji jirani yako ni kitu kingine kabisa, nacho ni kiraka cha faragha. Kiko kwenye mipangilio ya picha, hakiko kwenye mipangilio ya mwendo. Unachora umbo juu ya sehemu, na sehemu hiyo inakuwa nyeusi kwenye simu na kwenye kurekodi, hata mwenye kamera hawezi kuiona mpaka akiondoe. Kwa hiyo kwanza aiinamishe kamera imtazame mlango wake, halafu kilichobaki cha kwenu akizibe kwa kiraka, halafu azime maikrofoni. Kama kamera yake ni ya kuzunguka kama ya kaka wa Malindi, kiraka peke yake hakifai, kwa sababu kwenye nyingi za bei nafuu kiraka nacho kinakaa kwenye picha, ikizunguka kinabaki kimeziba mbingu. Hiyo aihamishe tu.

Kuhusu sheria, Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ila imeweka kando matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani tu, kwa hiyo usiitangulize kama rungu. Umesema hutaki ugomvi, nami nakuunga mkono. Nenda wewe au mama yako, mchana, na mfungue simu yake pamoja. Huku nyumbani binti mmoja asimame kiwandani amejitanda, ashike ndoo nyekundu na atembee kila pembe, kwenye kamba ya nguo, kwenye birika, chini ya ngazi. Ndoo ikionekana mahali popote, kiraka kiongezwe hapo hapo mkiwa mmekaa, na atembee tena.